Damu ya Njugu

Simu ya Daktari Gitonga iliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi, Inspekta Phelis Mogaka akiwa hajavua hata koti.

"Inspekta, ile picha uliyobandika hapa kliniki kwangu. Ya mzee aliyepotea."

"Naftaly Ongeri. Ndiyo."

"Kwenye picha ameketi na mbwa. Mbwa wa rangi ya njugu, sikio la kushoto limepasuka."

"Ndiyo, daktari."

"Huyo mbwa yuko mezani kwangu. Nimeambiwa nimuue kabla ya saa sita."

Phelis alisimama. "Nani amemleta?"

"Isaiah. Anasema ni mbwa wa mjomba wake, ana saratani, anateseka bure. Ametia sahihi fomu. Atarudi saa sita kuchukua mzoga akauzike."

"Usimguse."

"Nimeshamgusa. Ndiyo maana nakupigia."

Ilikuwa siku ya ishirini na nne. Mzee Naftaly Ongeri, nyapara mstaafu wa mashamba ya chai, mjane asiye na mtoto, alikuwa ametoka nyumbani kwake Sosiot Jumapili asubuhi na hakuonekana tena. Aliyeripoti ni Isaiah, mtoto wa marehemu dada yake, aliyelelewa katika boma lile lile. Maelezo ya Isaiah yalikuwa mafupi na hayakubadilika hata mara moja: mjomba alitaka kwenda kumsalimia kaka yake Nyamira, yeye Isaiah akamsindikiza kwa pikapu hadi stendi ya Kericho, akamwacha hapo, akarudi nyumbani. Jioni hiyo simu ya mzee ilishika mnara wa simu wa Keroka, upande wa Nyamira, kwa dakika sita, kisha ikazima. Kaka yake hakumwona.

Kwa hiyo Phelis alikuwa amemaliza wiki tatu akizunguka nchi ya Wagusii, hospitali baada ya hospitali, chumba cha maiti baada ya chumba cha maiti. Ijumaa iliyopita mkubwa wake alimwambia aliandae faili lipelekwe Nyamira, kwa maana mtu alipotelea huko.

Aliliweka faili hilo kwapani, akamwita Koplo Obure awashe gari.

* * *

Kliniki ilikuwa nyuma ya duka la mbao, chumba kimoja cha kutibia chenye hadubini na kingine kidogo chenye friji. Eugene Gitonga alikuwa mtu mnene, mwenye mikono midogo na mwendo wa taratibu. Njugu, ndilo jina la mbwa kwenye faili, alikuwa amelala ubavu juu ya meza ya bati, mbavu zikihesabika. Hakubweka. Aliinua mkia kidogo, akauacha uanguke.

"Anza na kile Isaiah alichokiona," Gitonga alisema. Aliinua mguu wa nyuma wa mbwa. "Chuchu ya nne na ya tano, upande wa kushoto. Vaa glavu, gusa."

Phelis alibonyeza. Chini ya ngozi kulikuwa na vinundu viwili, vigumu kama viazi vibichi. Kile kikubwa kilikuwa kimepasuka juu, kidonda chake kikiwa na rangi ya zambarau iliyokolea hadi kwenye manyoya.

"Ni saratani?"

"Ni uvimbe wa matiti. Mbwa jike ambaye hakufungwa kizazi, umri wa miaka tisa hivi, naona wa namna hii kila mwezi. Mwingine huwa uvimbe tu, mwingine ni saratani. Bila kupima siwezi kuapa. Lakini haukuota jana. Huu una miezi. Hapo Isaiah hajadanganya."

"Amedanganya wapi?"

"Ngoja." Alimwelekezea mbwa tochi machoni. Mboni zote mbili zilikuwa na utando wa buluu na nyeupe, kama kioo kilichopumuliwa. "Uvimbe wa matiti hautii ukungu machoni." Akavuta mdomo wa mbwa. Ufizi ulikuwa mweupe. "Damu imekwisha." Akapapasa chini ya taya, mbele ya bega, nyuma ya goti. "Tezi zimevimba kila mahali, hata mbali na matiti. Joto lake ni arobaini nukta tatu. Nimesikiliza mapafu, sijasikia kitu cha kutisha. Sasa mtu anayeangalia uvimbe peke yake atasema saratani imemmaliza, mpe sindano alale. Na wengi wangesema hivyo. Lakini mbwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili, na lile kubwa linaloonekana humfanya daktari aache kutafuta lingine."

"Na wewe umelitafuta?"

"Nilikuwa natafuta ulipoingia. Kabla sijaendelea, hii haihitaji daktari." Alishika mguu wa mbele, akaugeuza.

Nyayo zilikuwa zimelika. Ngozi nyeusi ilikuwa imetoka, chini yake nyama nyekundu ilikuwa imeanza kupona, na kucha mbili zilikuwa zimevunjika hadi kwenye mzizi. Miguu yote minne ilikuwa hivyo.

"Isaiah amekuambia nini kuhusu huyu mbwa?" Phelis aliuliza.

"Kwamba amefungwa nyuma ya stoo miezi miwili."

"Na hii rangi ya zambarau?"

"Dawa ya kupuliza vidonda. Inauzwa kila agrovet, kila duka la dawa za mifugo. Nilimuuliza nani ameipaka, akasema hajui, labda ni uchafu."

Phelis alifungua faili ukingoni mwa meza. Alikuwa na taarifa ya jirani mmoja tu aliyeona kitu asubuhi ile ya Jumapili: Kogo Taprandich, bibi wa Kikipsigis ambaye shamba lake linapakana na la Naftaly. Konstebo aliyeandika taarifa alitumia mistari miwili. *Nilimwona mzee akitoka na mpwa. Wakapanda gari, wakaenda.* Phelis alikuwa ameisoma mara ishirini. Ililingana na maneno ya Isaiah, mjomba na mpwa kwenye pikapu, na kwa sababu ililingana hakurudi kumuuliza tena.

Aliisoma mara ya ishirini na moja. Kisha akapiga simu.

"Kogo, chamgei. Ni Inspekta Phelis. Ile siku mzee alitoka, ulisema alitoka na nani?"

"Na mpwa," bibi alijibu.

"Isaiah?"

"Aka! Isaiah alikuwa ndani ya kari, anashika sukani. Mzee alitoka na mpwa. Mpwa! Yule wa kupweka!"

Phelis alifumba macho sekunde moja. "Mbwa wake. Njugu."

"Si ndiyo nilisema? Alipanda nyuma ya kari na mzee akapanda mbele. Hakurudi na Isaiah. Amerudi juzi Ijumaa, peke yake, anatempea kama mlevi. Isaiah akamkimbiza na panga, akashindwa, akamfunga kamba."

"Kogo, kwa nini hukuniambia Ijumaa?"

"Wewe unatafuta mzee. Nani ameniuliza juu ya mpwa?"

Phelis alikata simu na kuandika juu ya ile p ya mpwa kwenye taarifa, kwa wino mwekundu, herufi moja tu: b.

* * *

"Tuanze na homa ya kupe," Gitonga alisema. "Hapa kwetu mbwa akiwa mweupe fizi namna hii, mara tisa kwa kumi ni kupe."

Alikata manyoya ukingoni mwa sikio la Njugu, akadunga, akabana tone la damu juu ya kioo na kulitandaza kwa kioo kingine. Alilikausha, akalitia rangi, akasubiri akitazama saa ya ukutani. Phelis alihesabu pia. Ilikuwa saa nne kasorobo. Koplo Obure alisimama mlangoni akitazama barabara.

Gitonga aliinama kwenye hadubini, akasogeza kioo kidogo kidogo.

"Kupe siyo," alisema mwishowe. "Vimelea vya homa ya kupe hukaa ndani ya chembe nyekundu, viwili viwili, kama machozi. Humu chembe ni tupu. Lakini kuna kitu nje yake, na siamini macho yangu." Aliinuka. "Nataka kukiona kikiwa hai."

Alichukua tone jingine. Mara hii hakulikausha wala kulitia rangi, alilifunika tu kwa kipande chembamba cha kioo na kuliweka chini ya lenzi. Hakutazama hata dakika moja. Akasogea kando.

"Tazama mwenyewe."

Phelis aliweka jicho. Mwanzoni aliona vidoa vya manjano vimejazana kama kokoto. Kisha sehemu moja ya kokoto ikatikisika. Zikasukumwa, zikaachana, na katikati yake kikapita kitu chembamba, kirefu, kinachojipinda na kujinyoosha kama mkunga kwenye maji machache. Upande wa pili kulikuwa na kingine. Na kingine.

"Ni nini hiki?"

"Vimelea vya mbung'o. Kwa ng'ombe tunaita nagana. Nilikuwa sijawaona tangu chuo, na pale chuoni damu ililetwa kwa barafu kutoka mbali."

"Kwa nini kutoka mbali?"

"Kwa sababu hapa hakuna mbung'o, Inspekta. Baridi ya chai hawaiwezi. Uliza mfugaji yeyote kuanzia hapa hadi Litein kama amewahi kupoteza ng'ombe kwa nagana, atakucheka. Mbwa hawezi kupata huu ugonjwa akiwa amefungwa nyuma ya stoo Sosiot. Lazima aende mahali nzi walipo, akae, aumwe."

"Na mahali hapo ni wapi?"

"Kwa karibu? Bonde la Lambwe, kule Homa Bay. Au vichaka vya chini kuelekea Mara, ukipita Bomet na Mulot."

"Lini?"

"Kwa hali ya macho yake na wingi wa hawa wadudu, wiki mbili. Labda tatu na kitu."

Siku ishirini na nne, Phelis aliwaza.

Gitonga alikuwa tayari ameshika sindano nyingine. Aliichoma kwenye kinundu kikubwa, akavuta, akanyunyizia kilichotoka juu ya kioo kipya. Rangi ilipokauka alitazama, akatikisa kichwa taratibu. "Chembe kubwa, hazina mpango, kila moja na umbo lake. Ni saratani, sasa naweza kuandika hivyo na kutia sahihi. Na katikati yake wapo wale wale wembamba, wameingia na damu. Ana vyote viwili. Nitampiga sindano ya nagana leo, ile ya njano. Damu ikirudi, tutazungumza kukata uvimbe. Nikimkata leo atafia mezani."

"Atapona?"

"Nagana, nafikiri ndiyo. Hilo lingine sikuahidi." Alivua glavu. "Lakini kuna jambo zito kuliko mbwa. Kwa hadubini hii siwezi kutofautisha kimelea kinachoua wanyama na kile kinachowapa watu malale. Wanafanana kama pacha. Kama mzee alikuwa na mbwa wake, nzi waliomuuma mbwa wamemuuma na yeye. Malale ya upande huu wetu haimngojei mtu. Kama yuko hai, anahitaji kupimwa leo. Si wiki ijayo."

"Lambwe au Mara," Phelis alisema. "Barabara mbili zinazopeana mgongo. Nikikosea, siku imekwisha."

Alikitazama tena kidonda cha zambarau. Mtu fulani alikuwa amemwona mbwa huyu njiani, akamhurumia, akatoa dawa.

"Daktari, wenye agrovet mnajuana?"

Gitonga alimtazama, kisha akatoa simu mfukoni. "Tuko kundi moja la WhatsApp. Kutoka Fort Ternan hadi Mulot, watu mia mbili na kitu. Kazi yao ni kuulizana dawa ya kuku."

Alimpiga Njugu picha tatu: uso, sikio lililopasuka, tumbo. Akaandika: *Nani amempulizia huyu mbwa dawa? Ni haraka, maisha ya mtu.*

Ilipofika saa tano na robo walikuwa wamepata majibu kumi na nne, na yote yalikuwa ya kuuliza kulikoni. Saa tano na dakika ishirini na tano likaja la kumi na tano. *Mimi. Jumatatu ya wiki jana. Jentrix, Mulot.*

Phelis aliichukua simu na kupiga.

"Alilala hapa kwa mlango wa duka," sauti ya mwanamke ilisema, nyuma yake ng'ombe wakilia. "Nikaona hiyo matiti imepasuka, nzi wamejaa, nikasema hata kama si wangu. Nikampulizia, nikampa ugali. Asubuhi hakuwa."

"Alitoka upande gani?"

"Upande wa chini. Alikuja akifuata ng'ombe wa Wamaasai waliokuwa wanaleta sokoni. Niliwauliza kama ni mbwa wao, wakakataa. Walisema alikuwa anakaa nje ya zahanati ya misheni, pale Enkare, siku nyingi, mchana na usiku mlangoni. Mlinzi akamfukuza na mawe mpaka akachoka, ndipo akafuata ng'ombe."

"Mbwa alikuwa anakaa nje ya zahanati," Phelis alirudia polepole.

"Ndiyo, madam. Na mimi nikashangaa. Mbwa anangoja nini kwa zahanati?"

"Una namba ya hapo?"

"Ya Sista Cate niko nayo. Hununua dawa ya kuku kwangu."

Mtandao wa Enkare ulikuwa mbovu. Simu ilikatika mara tatu. Mara ya nne mwanamke alipokea akipiga kelele, kama mtu aliyesimama juu ya jiwe kutafuta mawimbi.

"Tuna mzee mmoja, ndiyo! Wachungaji walimleta karibu wiki tatu sasa! Walimkuta kichakani, midomo imepasuka, hana kitambulisho, hana simu! Tuliripoti kwa chifu!"

"Anaitwa nani?"

"Hatujui! Ana homa, inapanda inashuka, tumempa dawa ya malaria haikusaidia! Anaongea lugha ambayo hakuna mtu hapa anaielewa! Neno moja tu la Kiswahili analirudia usiku kucha, njugu, njugu! Tumemnunulia njugu, hataki kula!"

Phelis aliegemea ukuta. Daktari Gitonga alikuwa amesikia kila neno. Aligeuka, akajifanya anapanga vioo.

"Sista," Phelis alisema, "nisikilize vizuri kabla hatujakatika. Mchukueni damu. Mwiteni mtu wa maabara kutoka hospitali, mwambieni atafute malale. Mimi niko njiani."

Alikata. Saa ilikuwa sita kasoro dakika saba.

"Koplo," alimwambia Obure, "ingia chumba cha friji, ufunge mlango. Daktari, mfunike mbwa."

* * *

Isaiah aliingia saa sita kamili. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nne, jaketi safi, gunia tupu limekunjwa chini ya mkono. Alipomwona Phelis alisimama, kisha akatabasamu.

"Madam. Na wewe una mbwa?"

"Nilipita tu. Karibu, Isaiah."

Alitazama meza. Shuka la kijani lilikuwa limefunika umbo lisilotikisika. Sindano ya usingizi mwepesi ya Gitonga ilikuwa imefanya kazi. "Amekufa?"

"Nani?"

"Mbwa, madam. Nani mwingine?"

"Hakuna aliyeteseka," Gitonga alisema.

Phelis alivuta kiti. "Kwa kuwa tumekutana, nimalizie karatasi. Faili linapelekwa Nyamira, wale wa huko wanataka kila kitu kiwe kimeandikwa. Ile Jumapili, mbwa alikuwa wapi?"

"Nyumbani. Amefungwa nyuma ya stoo."

"Hakumfuata mzee stendi? Naambiwa walikuwa hawaachani."

"Nilimfunga mwenyewe. Stendi na mbwa wapi na wapi."

"Na baada ya hapo? Hajawahi kutoka?"

"Huyo hajatoka Sosiot tangu azaliwe."

"Andika hivyo. Tarehe na sahihi."

Isaiah aliandika kwa mwandiko mzuri, akarudisha kalamu. Phelis alisoma, akaikunja karatasi na kuitia ndani ya faili.

"Sasa njoo uone kitu," alisema, akamsogezea hadubini.

Isaiah alisita, akainama. Mabega yake yalitulia juu ya kioo. "Vidudu," alisema. "Vya saratani?"

"Vya mbung'o," Gitonga alijibu. "Vimetoka kwenye damu ya mbwa asiyetoka Sosiot."

"Basi ni kupe. Au ng'ombe wa soko. Mbwa hula kila kitu."

"Kupe haambukizi hii. Na hakuna ng'ombe wa Sosiot mwenye nayo. Aliumwa na nzi huko chini, upande wa Mara, wiki mbili tatu zilizopita."

Isaiah aliinuka taratibu. Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Labda mzee alirudi kumchukua. Mimi sikuwa nyumbani mchana wote. Labda walienda huko wenyewe. Mzee wa miaka sabini, akili yake ilikuwa inapotea."

"Umeandika sasa hivi kwamba hakutoka."

"Mtu husahau."

"Na simu ya mzee ilienda Keroka, yeye akaenda Mara?"

Nje, trekta la majani ya chai lilipita, madirisha yakatetemeka.

"Isaiah," Phelis alisema, "mzee amepatikana."

Gunia lilianguka. Isaiah hakuinama kuliokota. "Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Ni kilomita ngapi mpaka barabara. Hata fimbo hana. Mtu wa miguu ile hawezi kutoka pale."

"Pale wapi?"

Alifungua mdomo. Alimtazama Gitonga, akautazama mlango wa nje, akapiga hatua moja. Mlango wa chumba cha friji ulifunguka, Koplo Obure akatoka na pingu mkononi. Chini ya shuka la kijani, mbwa alikohoa.

Isaiah aliketi mwenyewe kwenye kiti. Mengine aliyatoa bila kuulizwa sana. Ijumaa hii bodi ya ardhi ilikuwa ikae kuidhinisha uuzaji wa shamba la chai la Sosiot. Mnunuzi alikuwa tayari, na mtu wa kusimama mbele ya bodi na kitambulisho cha mzee, akijifanya yeye, alikuwa tayari pia, maana Naftaly alikuwa amekataa kuuza hata mstari mmoja wa michai. Jumapili ile alimwambia mjomba wake waende kutazama mtamba mzuri wa maziwa zaidi ya Mulot. Wakapita Mulot, wakaacha lami, wakaingia vichakani hadi mahali ambapo hata njia ya ng'ombe ilikwisha. Akamwomba mzee ashuke aondoe tawi lililoziba njia. Mzee alishuka bila fimbo. Simu yake ilibaki kwenye kiti, na jioni Isaiah akaenda kuiwasha Keroka.

"Mbwa aliruka akamfuata," Isaiah alisema. "Nilimwita. Alikataa kurudi."

"Ulimwita mbwa," Phelis alisema.



* * *

Walifika Enkare saa kumi na moja kasorobo. Mtu wa maabara alikuwa ametangulia kwa pikipiki, na Sista Cate, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka, aliwapokea mlangoni.

"Wamo," alisema. "Kwenye damu yake, kama ulivyosema. Bado hawajafika kwenye ubongo, anavyoona huyu wa maabara. Dawa inatoka Nairobi, gari la wagonjwa linakuja kumchukua jioni hii. Mngechelewa wiki moja tungemzika bila jina."

Naftaly Ongeri alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, dirishani. Picha ya kliniki ilikuwa ya mtu mwenye mabega. Huyu alikuwa na mifupa ya mabega tu. Lakini homa ilikuwa imeshuka, na macho yaliyomgeukia Phelis yalikuwa ya mtu aliyepo.

"Tata," Phelis alimwita baba kwa Ekegusii, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimwambia yeye ni nani na anatoka wapi. Alimwambia mbwa wake yuko hai, amerudi hadi Sosiot kwa miguu, na daktari anamtibu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalitoka bila sauti, yakaingia kwenye ndevu. Alisogeza midomo mara mbili kabla neno halijatoka.

"Nilifikiri fisi walimla," alisema.

Phelis alitoa kalamu na karatasi ya taarifa, akageukia Kiswahili, kwa sababu taarifa ingesomwa mahakamani. "Mzee, najua umechoka. Nahitaji kitu kimoja tu leo. Ile Jumapili, nani alikuacha kule?"

Naftaly aligeuza uso dirishani. Alitazama nje muda mrefu, mpaka Sista Cate akaanza kusogea kutaka kumwacha apumzike. Phelis alikuwa ameshaona wazazi wakikaa kimya namna hiyo, na mara nyingi kimya hicho humalizika kwa uongo wa kumlinda mtoto. Aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Usiache kuandika," mzee alisema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Andika jina lote, binti yangu, wasije wakamshika mtu mwingine. Isaiah Naftaly Ongeri. Alikuja kwangu akiwa na jina moja tu. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu aliniuliza jina la baba. Nikampa yangu yote mawili."